Divai, kasiksi na swali la kungoja

Kuna swali ambalo wakimbizi tunaulizana kila siku bila kulitamka wazi: ni kitu gani kinafaa kuwekwa mpaka siku nzuri ifike, na ni kitu gani kinapaswa kutumiwa leo? Tunaliuliza tunapoficha kitenge kipya chini ya sanduku miaka na miaka. Tunaliuliza tunapoahirisha harusi ya kanisani, au tunapomwambia mtoto kwamba masomo atayafuata vizuri "tukifika kule". Nataka kulijibu kwa kupitia kitu ambacho wengi wenu hamkinywi, na wengine hamjawahi kukishika mkononi: chupa ya divai.

Wengine mnaiita mvinyo. Sisi tuliotoka Kivu tunasema vino. Ndugu zangu Waislamu, na ninyi walokole wa Katwe na Nsambya, msiache kusoma hapa, sitawaambia mnywe. Najua pia kuna nyumba ambazo pombe imezivunja. Uganda ilipopiga marufuku waragi wa vipakiti mwaka 2019, mimi nilikuwa mmoja wa waliofurahi. Naichukua divai kwa sababu moja tu: inasifiwa dunia nzima kwamba ni kinywaji kinachokuwa kizuri kwa kungoja. Na sisi ni watu tunaoambiwa tungoje. Kwa hiyo inafaa tujue huko kungoja kwa divai kukoje hasa, maana watu wengi wanaosifu subira hawajawahi kuuliza subira inafanya kazi namna gani.

Jambo la kwanza ni hili: divai nyingi duniani haikutengenezwa ili ingoje. Sehemu kubwa ya divai inayouzwa, hata ile ya madukani hapa Kampala, imetengenezwa inywewe ndani ya mwaka mmoja au miaka michache. Ukiiweka miaka kumi haiongezeki kitu, inapungua. Harufu ya matunda inakwisha, rangi inafifia, inabaki kama maji yaliyooshewa chupa. Ni sehemu ndogo tu ya divai inayopata faida kwa kuwekwa. Hiyo ni ile iliyoanza na vitu vya kuibeba: uchachu wa kutosha, ukakasi wa maganda ya zabibu unaokausha ulimi kama chai kali, au sukari nyingi. Miaka ikipita, ule ukakasi unalainika, sehemu yake inashuka chini ya chupa kama mashapo, na ladha mpya zinazaliwa. Lakini zinazaliwa kutoka kwa kitu kilichokuwamo tayari.

Jambo la pili: hata hiyo divai nzuri haingoji mahali popote. Inataka ubaridi wa digrii 12 au 13, na zaidi ya ubaridi inataka joto lisilopanda na kushuka kila siku. Inataka giza, kwa sababu mwanga wa jua unaiharibu, na ndiyo maana chupa nyingi za divai ni za kijani au za kahawia. Ikiwa imezibwa kwa kizibo cha gome, inataka kulazwa ubavu, ili divai iguse kizibo na kukizuia kisikauke. Kizibo kikikauka kinasinyaa, hewa inaingia, na hewa ndiyo inayoiua divai. Chupa ya kifuniko cha kusokota haina shida hiyo, unaweza kuisimamisha. Mwisho, divai haitaki kutikiswa wala kuhamishwa hamishwa.

Sasa fikiri muzigo wetu, chumba kimoja cha kupanga Masajja au Kirombe. Kampala iko juu, karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo hatuungui kama watu wa pwani. Mchana joto linafika digrii 27 au 28, usiku linashuka kwenye 17 au 18. Lakini hiyo ni hewa ya nje. Chini ya mabati, saa nane mchana, ni habari nyingine, na kila mtu aliyelala na mtoto mgonjwa chini ya mabati anajua. Kisha kuna sigiri ya makaa kando ya mlango. Kuna boda zinazopita na kutikisa ukuta. Na kuna landilodi, ambaye akiongeza kodi mwezi huu, mwezi ujao unabeba vitu vyako kichwani kwenda mtaa mwingine.

Ukisoma ile orodha ya mambo ambayo divai inayataka, utaona kwamba ni orodha ya mambo ambayo mkimbizi hana. Divai ni kinywaji cha watu wasiohama. Kule Georgia, nchi ya Caucasus, watu wanatengeneza divai ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa ardhini, na UNESCO iliiweka desturi hiyo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2013. Mtungi uliozikwa ardhini haubebiki kichwani. Mtu anayezika mtungi anasema kwamba mwakani atakuwa hapohapo.

Kwetu kuna kinywaji kingine, na kina falsafa nyingine. Ni kasiksi ya Kivu, ambayo Waganda wanaiita tonto na Wanyarwanda urwagwa. Ndizi zinaivishwa kwa joto, mara nyingi ndani ya shimo, zinakamuliwa pamoja na majani, maji yake yanachanganywa na mtama uliokaangwa, yanawekwa ndani ya mtumbwi wa mti. Siku moja au mbili, kinywaji kiko tayari. Siku chache baadaye kimekuwa kikali mno na kinaelekea kuwa siki. Kasiksi haina habari ya kuwekwa. Ndiyo maana mtu akiitengeneza lazima aite watu. Hawezi kuifungia kabatini na kuinywa peke yake mwaka 2040. Kuharibika kwake haraka ndiko kunakomlazimisha awe jirani mwema. Divai inamruhusu mtu aseme "bado". Kasiksi inamlazimisha aseme "karibuni".

Hapo ndipo swali langu linapokuwa swali la haki na si la vinywaji tu. Kuna maisha ya divai na kuna maisha ya kasiksi. Ni yapi yanamfaa mtu ambaye hajui kesho atakuwa wapi?

Nina kisa kimoja. Familia moja ya jirani zangu, Wakongo, walikuwa na rafiki aliyepata ndege kwenda nchi ya tatu mwaka 2015. Siku ya kuaga aliwaachia chupa ya divai nyekundu, akawaambia, "Mutaifungua siku mutapata ndege yenu." Wao walikuwa wameshafanya intavyu ya kwanza. Chupa ikasimamishwa juu ya kabati, imefunikwa na kitambaa cha kufuma, karibu na mabati. Ikakaa hapo. Wakahama mara tatu, kila mara baba aliibeba mwenyewe, hakumpa mtoto. Intavyu ya pili ilikuja. Kisha ukimya. Wakienda kuuliza katika ofisi moja, jibu lilikuwa moja: kesi yenu iko ndani ya prosesi, mungoje. Mwaka wa tisa, baba alifariki kwa presha.

Siku ya arobaini mama aliishusha ile chupa mbele ya wazee na majirani, akaomba ifunguliwe. Kizibo kilivunjika vipande ndani ya shingo ya chupa. Kilichomwagika glasini kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Harufu yake ilikuwa ya matunda yaliyopikwa yakaachwa, na ndani yake siki. Kijana mmoja alionja akasema, "Hii haiko vino tena." Wazee wakanyamaza.

Kisha mabishano yakaanza, ya heshima lakini ya kweli. Mzee mmoja alisema ule ulikuwa ujinga: marehemu alikuwa mtu wa furaha, alistahili kuinywa chupa yake siku ya Krismasi yoyote, na mke wake na watoto wangemkumbuka akicheka. Mwingine akasema walipokosa kodi wangeiuza. Mama akawasikiliza mpaka mwisho, akajibu. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyasikia: "Baba, ile chupa ilikuwa na kazi. Miaka tisa watoto wananiuliza, mama, tutaifungua lini? Na mimi nilikuwa na jibu. Mutu asipokuwa na jibu kwa watoto, anakufa mbele ya wakati."

Nimelibeba jibu hilo kwa muda mrefu. Siwezi kulitupa. Yule mama hakuwa anangojea divai, alikuwa ananunua kesho kwa bei ya chupa moja. Katika nyumba isiyo na kalenda, chupa ilikuwa kalenda. Mtu anayemcheka hajawahi kuishi miaka tisa bila tarehe.

Lakini pia siwezi kulikubali lote. Maana tujiulize: chupa ile ilikuwa inawashikia siku, au ilikuwa inawashika wao? Binti mkubwa aliacha kujifunza ushonaji kwa sababu "tunakaribia kuondoka". Ndoa ya kanisani ya wazazi iliahirishwa, itafanyika vizuri kule. Urafiki na majirani Waganda haukutafutwa sana, wala Luganda, ya nini, na sisi ni wapita njia? Hakuna aliyeamua mambo hayo kwa ubaya. Yote yalisimamishwa juu ya kabati pamoja na chupa, na joto la mabati likayapata yote.

Kwa hiyo nakataa kwanza mafundisho ya watu wanaosema kwamba kungoja kunamkomaza mtu. Tunayasikia kanisani, na tunayasikia pia kwa ndugu wa mashirika, kwa maneno mengine. Wanasema wakimbizi ni watu wa kustahimili, ni watu wenye nguvu. Wanasema kwa nia nzuri. Lakini mtu anayejua divai hasemi kwamba muda unaikomaza. Anajua kwamba muda peke yake unaleta siki. Kinachoikomaza ni ile hali inayowekwa ndani yake: ubaridi, giza, utulivu. Ukiondoa hali hiyo ukabakiza muda, umebakiza uharibifu tu. Wahenga walisema subira yavuta heri, na mimi nawaheshimu. Lakini subira inavuta heri kama kuna kamba, na kamba hiyo imefungwa kwenye kitu. Kumwambia mtu "subiri" bila kumwambia anasubiri nini, mpaka lini, na kwa hali gani, ni kumpa kamba isiyofungwa popote.

Mtu atanipinga hapa, na pingamizi lake ni zuri. Atasema: mbona kuna divai iliyopigwa na jua na mawimbi ikatoka nzuri zaidi? Ni kweli. Inaitwa Madeira, kwa jina la kisiwa cha Wareno kilichoko Atlantiki. Karne za 17 na 18 mapipa yake yalipakiwa melini, yakavuka maeneo ya joto kwenda India na Amerika, yakatikiswa na kuchemka tumboni mwa meli miezi mingi. Watu wakagundua kwamba mapipa yaliyorudi yalikuwa matamu kuliko yaliyobaki nyumbani. Baadaye watengenezaji wakaanza kuipasha joto kwa makusudi kwa miezi, ili kuiga safari ile. Chupa ya Madeira inaweza kuishi miaka mia moja na zaidi. Si hiyo ndiyo picha ya mkimbizi? Amepigwa na safari, akawa bora?

Ningependa iwe hivyo. Lakini angalieni kilichofanyika. Ili divai ile ivumilie safari, waliiongezea pombe kali iliyokenekwa. Iliimarishwa kwa mkono wa mtu, ndipo ikaweza kufaidi joto. Divai ya kawaida iliyopitishwa njia ileile iliharibika, na hakuna anayeisimulia. Sisi nasi tuna mifano yetu ya Madeira: kijana aliyetoka kambini akawa daktari, binti aliyeshinda mashindano, wanaonyeshwa kwenye mabango. Nawafurahia kwa moyo wote. Ila ukiwauliza, kila mmoja atakutajia kilichoongezwa ndani yake: shangazi aliyelipa karo, mwalimu aliyempa vitabu, sheria ya nchi iliyomruhusu afanye kazi. Si mateso yaliyomkomaza. Na wale walioharibika njiani hawana bango.

Katika hilo Uganda inastahili kusifiwa. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na kanuni zake za 2010 zinampa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, na makazini watu wanapewa kipande cha ardhi. Hiyo ni hali nzuri ya kungojea, kuliko nchi nyingi ambako mkimbizi anafungiwa nyuma ya waya. Lakini hali nzuri inagharimu, na gharama ikikosekana joto linapanda. Mwaka 2023 WFP ilianza kuwagawa watu wa makazini kwa makundi ya uhitaji, na wengi wakapunguziwa chakula. Sisi wa Kampala, ambao kwa kawaida hatuna mgao wa mwezi, tuliona wageni kutoka Nakivale na Kyaka wakija kulala sakafuni kwetu. Nakivale imepokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. UNHCR wanahesabu ukimbizi kuwa wa muda mrefu pale watu 25,000 au zaidi wa taifa moja wanapokaa ugenini miaka mitano mfululizo. Miaka mitano! Kule Nakivale kuna watu wenye wajukuu waliozaliwa humohumo.

Halafu ukaja mwanzo wa mwaka 2025. Januari, Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa na tiketi mkononi, waliokwisha kuuza vitanda, ndege zao zikafutwa. Mwisho wa mwezi uleule Goma ikaanguka mikononi mwa M23, na katikati ya Februari ikafuata Bukavu. Kwa sisi Wakongo milango miwili ilifungwa ndani ya wiki chache: wa kwenda mbele na wa kurudi nyumbani. Nilimfikiria yule baba. Angekuwa hai, chupa ingekuwa bado juu ya kabati.

Basi jibu langu ni nini? Je, turudie kasiksi tu, tule na tunywe leo? Hapana. Mtu asiyeweka kitu chochote anawaachia watoto wake mikono mitupu, na watu wa kupanga mizigo wanajua vizuri zaidi ya matajiri maana ya shilingi iliyofichwa ndani ya nguo. Mtu mwenye kuweka si mjinga. Ninachosema ni kwamba tutenganishe vitu, kama vile mwenye duka anavyotenganisha chumvi, mchele na nyanya.

Kuna vitu vinavyokaa. Karatasi za shule, cheti cha kuzaliwa, kadi ya mkimbizi, pesa ya kikundi cha akiba: viweke, vifunge ndani ya kavera maji yasivifikie, na visiondoke mkononi mwako. Muda hauviongezi, ila hauviharibu.

Kuna vitu vinavyokuwa vizuri kwa muda, lakini vikitumiwa, si vikifungiwa: lugha, ufundi, jina zuri mtaani, kuaminiana na jirani. Binti yule angeshona miaka tisa, leo angekuwa fundi popote atakapokuwa, Masajja au ng'ambo. Hapa ndipo mfano wa divai unapotudanganya kabisa, kwa sababu thamani ya mtu haikui gizani.

Na kuna vitu vya kasiksi, vinavyoharibika ndani ya siku chache hata ukivifunika kwa kitambaa kizuri. Msamaha uko hapo. Umri wa mtoto kujua kusoma uko hapo. Ndoa ya wazee wawili wanaopendana iko hapo, na simu kwa mama aliyebaki kijijini, na sherehe ya kumpa mtoto jina. Vitu hivi mtu hana haki ya kuviweka, hata akiwa na sababu nzuri, maana anaviweka kwa gharama ya mtu mwingine ambaye hajaulizwa. Mtoto wa miaka saba hakukubali kungoja.

Kwa ninyi mnaofanya kazi na sisi, nina neno moja kutoka kwa watu wanaojua kuhifadhi divai. Wao hawanunui chupa moja na kuiangalia miaka ishirini. Wakiweza wananunua chupa kadhaa za aina moja, na kila baada ya muda wanafungua moja waonje: je, inaendelea vizuri, au inashuka? Tena wanajua tangu mwanzo ni mwaka gani inapaswa kunywewa. Kungoja kwa akili kuna kupima ndani yake. Basi na ninyi, mkitwambia tungoje, mtufungulie chupa moja kila baada ya miezi sita. Mtwambie kesi iko wapi. Mtwambie hata kama imekufa. Mtu akijua kwamba mlango umefungwa, atatafuta cherehani. Asiyejua atakaa karibu na kabati. Najua wengi wenu hamna uwezo juu ya uamuzi, nanyi mnangoja barua kutoka juu. Lakini ukimya si hali ya hewa. Kuna mtu anayeuamua, na gharama yake tunailipa sisi kwa miaka ya watoto wetu.

Na kwa yule mama jirani, ambaye najua atayasoma haya: ulikuwa na haki ya kuweka chupa. Nyumba bila tumaini haikaliki. Ninabishana na wewe kwa jambo moja tu, kwamba siku ya kuifungua mliiacha mikononi mwa watu wengine. Rafiki yenu alisema "siku mutapata ndege", na tangu hapo furaha yenu ikawa na ufunguo katika ofisi msiyoweza kuingia. Mngesema "siku binti atakapomaliza kujifunza ushonaji", chupa ingekuwa tumaini vilevile, watoto wangeuliza vilevile "lini?", na jibu lingekuwa ndani ya nyumba yenu.

Kwa hiyo, kama unayo chupa, au samli, au asali, au kitenge ulichoachiwa na mtu aliyeondoka, usikidharau. Kama ni divai, isikae juu ya kabati. Ifunge kwa gazeti, iweke ndani ya boksi, uilaze sakafuni chini ya kitanda, kwenye ukuta usiopigwa na jua la alasiri, mbali na sigiri. Sementi ya sakafu ndiyo sehemu yenye ubaridi kuliko zote ndani ya muzigo. Haitafika digrii 13, lakini haitachemka. Usiiwekee miaka mingi, miwili mitatu inatosha kwa divai ya dukani. Kisha chukua kalamu uandike juu ya boksi tarehe, na sababu ambayo iko mikononi mwako. Tarehe hiyo ikifika, ita majirani uifungue, hata kama bado uko Masajja.